Siku za Soko Ukungu Hacheui

Mama Ikupa alitegua kifundo cha mguu akimkimbiza kuku. Hilo lenyewe si jambo la kushangaza. Kuku wa Lupakasa wamewahi kuwaangusha watu wazito kuliko yeye. Ila ilitokea asubuhi ya siku ya soko, na siku ya soko hakuna anayebaki kijijini. Mlima mzima hushuka: wenye parachichi, wenye ndizi, wenye maziwa, na hata wasio na cha kuuza hushuka kwenda kuangalia wenzao wamevaa nini. Nyumba hubaki na mvua na ng'ombe. Ndiyo maana miaka yote hiyo hapakuwa na mtu wa Lupakasa aliyejua ng'ombe wake wanafanya nini siku ya soko, wala aliyewahi kujiuliza.

Jioni Ikupa aliporudi na makapu matupu, alimkuta mama yake amejinyoosha barazani, mguu juu ya kigoda.

"Shikamoo mama. Mguu unaendeleaje?"

"Marahaba. Mguu upo. Umeuza maparachichi?"

"Yote."

"Hata yale yaliyobonyea?"

"Yale nimempa Mama Lugano. Kasema atawapa nguruwe."

"Mama Lugano hana nguruwe," mama alisema, akacheka mpaka mguu ukamuuma. Kisha, kwa sauti ile ile ya kupitisha muda, akaongeza, "Halafu huyo Ukungu wako leo kanishangaza. Tangu umeondoka kasimama zizini kama nguzo ya umeme. Nimemchechemelea na ndoo ya maji, hata kuitazama hakuitazama. Sikumwona akicheua siku nzima. Labda alikuwa anakukumbuka."

Ikupa hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwenye usonji, na maneno yaliyowapita wengine sikioni yakaenda zake, kwake yalibaki. Alikwenda zizini bila kuvua mabuti. Ukungu, ng'ombe wake wa kijivu, alikuwa amelala kwenye majani makavu, macho nusu wazi, taya zikienda kushoto na kulia kwa raha zake. Hakuonekana na tatizo lolote. Ikupa alimwegemea ubavuni, akasikiliza tumbo lile kubwa likinguruma, na kidole chake kikaenda chenyewe nyuma ya sikio, kwenye ushanga.

Watu waliuita uzi, ingawa hakukuwa na uzi wowote. Kulikuwa na ushanga mmoja wa rangi ya maziwa nyuma ya sikio la mtu, na mwingine chini ya sikio la mnyama wake. Ushanga wa mtu ulisikiliza mishipa ya fahamu. Kelele, mwanga, harufu na kuguswaguswa vilipojaa mpaka mwili unataka kupasuka, ushanga ulikichukua kishindo kile ukakituma kwa mnyama. Mnyama alikipokea, akakipooza, na mapigo yake ya taratibu yakarudi kwa mtu. Shirika la Tulizo, lililoutengeneza, lilieleza kwamba mnyama hukisaga kishindo kama anavyosaga majani. Watu wa Rungwe, ambao babu zao walilala nyumba moja na ng'ombe wao, hawakuona sababu ya kubisha.

Na uzi ulifanya kazi, asikudanganye mtu. Kabla yake Ikupa alikuwa haendi mahali penye watu zaidi ya watano. Maneno yalimkauka kooni, na yakishakauka alijing'ata mikono. Baada ya uzi aliuza parachichi, alibishana bei, alisimama kanisani akaimba sauti ya pili. Mama yake alikuwa akimtazama kwa mbali sokoni, akijifanya anachagua vitunguu, na kulia kidogo kwa furaha.

Lakini usiku ule Ikupa alilala na neno moja kichwani. Hakucheua.

*

Siku ya soko iliyofuata mguu wa mama ulikuwa bado umevimba, jambo ambalo Ikupa, Mungu amsamehe, alilifurahia.

"Nikifika nitakupigia," alisema. "Unionyeshe Ukungu."

"Nikuonyeshe ng'ombe wako mwenyewe?"

"Ndiyo mama. Tafadhali."

Sokoni palikuwa kama palivyo siku zote. Makapu yanayoning'inia kwenye waya yaliteremka kutoka mlimani yakigonga kengele zake, droni za mizigo zilikuwa zikinung'unika juu ya mabati, na mhubiri mmoja alikuwa ameelekeza spika zake zote upande wa wauza samaki, kana kwamba wao ndio wenye dhambi zaidi. Ikupa alivisikia vyote hivyo kama mtu anayesikia mvua akiwa ndani ya nyumba. Alipanga parachichi zake, akampigia mama huku akimtania mteja mmoja kuhusu kofia yake.

"Haya, mimi hapa," mama alisema. "Nasimama kwa mguu mmoja kama korongo."

"Sogeza karibu, mama."

"Nisogeze nini, simu au ng'ombe?"

Picha ikatulia. Ukungu alikuwa amesimama katikati ya zizi, kichwa juu, masikio yamekaza mbele, miguu ameitanua. Pua zilikuwa wazi. Weupe wa jicho ulionekana. Inzi walimtembelea kwenye kope na hakupepesa, mkia haukutikisika, taya zilikuwa zimefungwa kama mlango. Na muda wote huo Ikupa, mkono mmoja ukiwa kwenye mizani, alikuwa anajisikia vizuri kabisa.

Alipeleka mkono nyuma ya sikio, akauzungusha ushanga, akauchomoa.

Soko zima likamwingia mara moja. Aliyakaza macho yake kwenye simu kwa nguvu zote alizokuwa nazo, maana alitaka kuona kitu kimoja tu kabla hajashindwa. Aliona ngozi ya Ukungu ikitetemeka kuanzia shingoni mpaka mgongoni. Aliona mbavu zikishuka kwa pumzi ndefu. Mkia ukapiga. Donge likapanda kooni chini ya ngozi ya kijivu, na taya zikaanza kwenda.

Kilichofuata hakukikumbuka vizuri. Alijikuta chini ya meza, mikono masikioni, parachichi zikiviringika miguuni mwa watu. Mama Lugano, yule asiye na nguruwe, alivua kitenge chake cha juu akamfunika nacho kichwa mpaka magoti, akasimama mbele ya meza mikono kiunoni.

"Mnaangalia nini?" aliwauliza watu. "Kwani hamjawahi kuona mtu amechoka?"

*

Andwele Mwambene alikuja kesho yake kwa pikipiki ya umeme, akiwa na kisanduku cha vipimo mgongoni. Ndiye aliyekuwa akishughulikia nyuzi zote za upande ule wa mlima kwa niaba ya Tulizo. Alikuwa kijana mpole, mwenye tabia ya kusafisha miwani kila alipokosa la kusema.

Aliupima ushanga wa Ukungu, akamwonyesha Ikupa mstari kwenye kioo chake.

"Angalia dada. Hapa ni wakati wa soko. Mnyama akiogopa moyo unakwenda mbio, si ndiyo? Wa huyu unashuka. Kila unapomtumia kishindo, unashuka. Ndiyo maana mashine inasoma kwamba ametulia."

Ikupa alikuwa hana uzi, lakini nyumbani, penye watu wawili na ukimya, maneno yake yalipatikana. Yalikuja mojamoja tu, na Andwele aliyasubiri.

"Darasa la pili," Ikupa alisema, "mwalimu alinipa peremende mbele ya wenzangu. Akasema mimi ndiye mtoto mtulivu kuliko wote. Kengele ya shule ilikuwa nje ya dirisha langu. Ikipigwa nilikuwa siwezi kusogeza hata kidole. Sikulia, sikuongea. Nilikuwa nimekufa ganzi, kaka. Wakanipa peremende."

Andwele alivua miwani.

"Ng'ombe akinusa chui naye husimama hivyo hivyo," mama alisema kutoka barazani. "Anajifanya hayupo." Kisha akafumba mdomo ghafla, kama mtu aliyemwaga maziwa, kwa sababu alikuwa ameona neno lake linakokwenda.

Andwele alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akautazama tena ule mstari wake. Hakubisha. "Hatukupima taya," alisema mwishowe. "Tulipima moyo na pumzi. Hakuna aliyewaza taya."

"Anakuja kwangu kila jioni," Ikupa alisema. "Kama ninamtisha, kwa nini anakuja?"

Swali hilo Andwele alitamani lisingeulizwa. "Ushanga unamvuta kidogo," alisema. "Ukimhitaji, unampa utamu fulani kichwani ili asogee. Vinginevyo wanyama wengi wangekaa mbali."

Ikupa aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Alikuwa amemlea Ukungu tangu ndama, kabla nyuzi hazijafika Rungwe. Alikuwa akikaa zizini baada ya shule, akivumisha sauti moja kooni bila maneno, na ndama yule alikuwa akija mwenyewe kumlazia kidevu begani. Sasa hakujua tena ni jioni zipi zilikuwa za Ukungu na zipi zilikuwa za ushanga. Aliumia, na aliumia bila pa kuyapeleka maumivu yenyewe.

"Kuna mkutano Jumamosi," Andwele alisema. "Unakumbuka. Kata inaamua kama watoto wote wenye usonji wapewe uzi, na wewe ndiye uliyepangwa kusema. Mdogo wangu, Tumwitike, yumo kwenye hao watoto. Hajawahi kukaa darasani siku nzima." Alisafisha miwani, akaivaa, akaivua tena. "Nikikwambia usiseme, nitakuwa mwongo. Nikikwambia useme, namnyima mdogo wangu. Lakini kuna kitu kimoja unapaswa kukifikiria. Bila uzi hutaweza kusema mbele ya watu wale, na watu wakikuona umesimama bubu watasema, mnaona, ndiyo maana uzi unahitajika. Uvae Jumamosi tu. Mara ya mwisho. Ukungu avumilie saa moja, wewe useme ukweli wote, na wanyama wengine wapone."

Ilikuwa hoja nzuri. Ikupa aliigeuza huku na huku na hakuona tundu.

Andwele alipoondoka, mama alimwita ndani.

"Ni ng'ombe, mwanangu," alisema taratibu. "Mimi pia nampenda. Lakini ni ng'ombe. Msibani tunawachinja, tunawala, tunanawa mikono."

"Anayechinjwa anachinjwa mara moja, mama."

"Umesahau ulivyokuwa? Mimi sijasahau. Nilikuwa nakufunga mikono kwa kanga ili usijing'ate, halafu nakaa nje nalia ili usinione. Umepata maisha, Ikupa. Umeimba kanisani. Unataka nikuangalie ukirudi kule kwa ajili ya mnyama?"

Ikupa alimshika mama yake kiganja, akakibonyeza kwa nguvu, ambayo ndiyo iliyokuwa njia yake ya kukumbatia. Mama naye akabonyeza.

*

Uzi ulipokatwa, Ukungu alimkimbia.

Hakwenda mbio, Ukungu hakuwa ng'ombe wa mbio. Ikupa aliingia zizini, naye akahamia upande wa pili. Ikupa akamfuata na jani la mgomba, naye akalikwepa lile jani, akaenda kusimama nyuma ya nguzo, kana kwamba nguzo nyembamba namna ile ingeweza kumficha ng'ombe. Siku nyingine mtu angecheka. Ikupa aliweka jani chini, akatoka, akaketi kwenye nyasi akiyumbayumba.

Ijumaa, baada ya kukamua ng'ombe wa mama, alikwenda zizini na kikopo cha ushanga mfukoni. Alikuwa ameamua kufuata ushauri wa Andwele. Angemweleza Ukungu kwanza, kwa namna alivyoweza: angekaa naye, angevumisha sauti yao ya zamani, kisha angeujaribu uzi kwa dakika moja tu kuona kama bado unashika. Alisimama mlangoni. Ukungu alikuwa amelala nyuma ya nguzo yake, akicheua.

Ikupa alifungua kikopo. Kifuniko kililia tik, sauti ndogo kama ya mbegu inayopasuka.

Taya za Ukungu zilisimama. Aliinuka, nyuma kwanza kisha mbele, akainua kichwa, akakaza masikio, akatanua miguu, akafa ganzi. Ushanga ulikuwa bado umo kikoponi. Hakuna chochote kilichokuwa kimetumwa. Kila alfajiri ya soko, miaka yote, Ikupa alikuwa amekifungua kikopo kile mlangoni pale pale, na ng'ombe alikuwa amejua kinachokuja.

Ikupa alifunga kikopo, lakini Ukungu hakulegea. Ilibidi aondoke kabisa, aende mpaka kwenye migomba, ndipo aliposikia kengele ya shingoni ikitikisika.

Kule kwenye migomba alilia kwa sauti, bila kujizuia, na hakuingia ndani mpaka mama yake alipokuja kumtafuta akichechemea. Kikopo alimpa mama. "Kitupe chooni," alisema.

*

Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kata, chini ya turubai kubwa lililokusanya mvua katikati na kuimwaga kila baada ya muda kwenye mabega ya walewale wenye bahati mbaya. Wazazi walikuwa wamekuja na watoto wao. Tumwitike, binti wa miaka kumi hivi, alikaa karibu na Andwele na masikio yake ameyaziba kwa viganja. Diwani Atuganile, mama mnene mwenye sauti ya kupangilia mambo, alikaribisha watu, akaeleza kilichowaleta, akamwita Ikupa.

Ikupa alisimama. Alikuwa amefanya mazoezi ya sentensi nne. Ya kwanza ilikuwa *Ndugu zangu, mimi ni Ikupa.* Kipaza sauti kilipiga mluzi, turubai likamwaga maji, mtoto fulani akapiga kelele, na sentensi zote nne zikamtoka kichwani. Koo likafunga. Mikono ikaanza kupiga hewa kama inavyofanya ikiachwa, akakaa chini pale pale kwenye saruji na kujikunja.

Minong'ono ilianza nyuma na kusogea mbele. "Hajavaa uzi." "Mnaona? Bila uzi ndivyo wanavyokuwa." Mtu mmoja alisema maskini, na wengine wakalirudia.

Mama yake alikuwa safu ya pili. Alisimama kwa fimbo, akaja mbele, na badala ya kumwinua binti yake akakaa naye chini, akampa kiganja chake akibonyeze. Diwani aliinama akamshikia kipaza sauti, lakini mama alikisogeza mbali. Sauti yake ilitosha.

"Mimi ndiye niliyeuomba uzi," alisema. "Nilikuwa mzazi wa kwanza kuuomba kata nzima. Jana mwanangu aliniambia niutupe sikuutupa, na hata leo asubuhi nilikuwa nambembeleza auvae. Angeuvaa angewaambia haya vizuri kuliko mimi. Amekataa. Nataka mwelewe kwamba amekataa, hakusahau." Alimeza mate. "Huku kutetemeka mnakokuona, ndiko alikokuwa anapelekewa ng'ombe kila siku ya soko. Leo amekuja nako mwenyewe. Andwele, waonyeshe."

Andwele alimtazama mdogo wake. Kwa muda ilionekana kama hatainuka. Halafu akaenda kwenye ukuta wa ofisi, akawasha picha mbili kwa pamoja, zilizobaki kwenye ile simu ya siku ya soko, za wakati mmoja: upande huu Ikupa akicheka na mteja mwenye kofia, upande ule Ukungu.

Hao walikuwa watu wa ng'ombe. Waliiangalia ile shingo, yale masikio, wale inzi kwenye jicho.

"Huyo kaona chui," mzee mmoja alisema.

"Chui gani, siku nzima?" mwenzake aliuliza.

Aliyefuata kusema alikuwa Gwamaka, fundi bati wa barabarani, mwenye mtoto wa kiume aliyefungwa mgongoni ingawa alikuwa ameshapita umri wa kubebwa. Aliongea akimwelekea Ikupa, na hakuongea kwa ubaya.

"Dada, nimekuelewa," alisema. "Nimeona. Lakini wewe umeshaipata miaka yako. Umesoma soko, umejua watu, umeimba. Sasa unamfungia mlango mwanangu. Mbuzi wetu akiogopa siku za soko na mwanangu akapata kusema 'baba' hata mara moja, mimi nifanye nini? Niambie wewe."

Ikupa alimsikia kila neno. Hata kama koo lake lingekuwa wazi kama mto, asingekuwa na la kumwambia, kwa sababu lilikuwa kweli. Aliinua macho, jambo lililomgharimu sana, akamtazama Gwamaka usoni, kisha akamtazama mtoto. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Diwani alikohoa. Alisema kata haitaamua leo. Alisema Tulizo warudi wapime upya, na safari hii wapime taya, na wakae na wanyama siku ya soko badala ya kukaa na watu. Alisema wakati wanasubiri, soko litengewe saa za asubuhi zisizo na spika wala kengele za makapu, na kama mhubiri ana neno, aseme kwa mdomo wake. Watu wengine walipiga makofi, wengine hawakupiga. Gwamaka aliondoka kabla ya kufunga, na mwanawe alikuwa amelala mgongoni.

*

Wiki zilipita. Ukungu alikaa nyuma ya nguzo yake, Ikupa alikaa kwenye hori lililopinduliwa, na kati yao palikuwa na zizi zima. Hakumwita wala hakumpelekea jani. Alikaa tu, kama alivyokaa utotoni, akayumba kidogo, akivumisha sauti ile moja kooni, na alipochoka aliondoka. Siku nyingine Ukungu alimtazama. Siku nyingi hakumtazama.

Mguu wa mama ulipona. Siku ya soko ikafika tena, na alfajiri mama ndiye aliyebeba makapu.

"Kuna zile saa za asubuhi," alisema mlangoni. "Wameanza leo. Ungejaribu."

"Wiki ijayo, mama."

"Wiki ijayo," mama alikubali, bila kusukuma, akashuka na wenzake.

Kijiji kikawa kitupu. Tangu apate uzi, Ikupa hakuwahi kukiona hivyo akiwa peke yake: milango imefungwa, moshi hakuna, kuku wakijitembelea barabarani kama wenye mali. Mvua nyembamba ilianza. Alikwenda zizini, akakaa kwenye hori, akafumba macho.

Alivumisha sauti yake kwa muda mrefu. Alisikia kengele ya shingoni, mara moja, kisha mara nyingine, na hakufumbua macho. Alisikia kwato kwenye tope, harufu ya maziwa na majani ikamfikia, pumzi ya moto ikampitia shingoni. Kisha kitu kizito kikajishusha kando yake kwa mguno mkubwa, na hori likatikisika.

Alifumbua macho. Ukungu alikuwa amelala, mgongo ameuelekeza kwake, uso mlangoni, kama ng'ombe anavyolala na mtu asiyemwogopa. Masikio yake yalikuwa yamelegea. Hakuna ushanga uliomvuta. Chini ya sikio, pale Andwele alipoutoa ushanga baada ya mkutano, palibaki kovu dogo lenye manyoya mapya. Ikupa hakumgusa. Alitaka sana kumgusa, mikono ilimwasha, lakini aliishika yenyewe kwa yenyewe, akasubiri.

Simu ikalia. Aliiweka mbali na sikio, maana soko lilikuwa limejaa humo ndani.

"Nimeuza nusu!" mama alipaza sauti. "Mhubiri kanuna, hana spika! Ikupa? Upo? Huyo Ukungu anafanya nini?"

Donge lilipanda taratibu chini ya ngozi ya kijivu ya koo. Taya zikaenda kushoto, zikarudi kulia.

"Anacheua, mama," Ikupa alisema.